Zaidi ya "expressive": vidokezo 11 kwa anayeandika Kiingereza

Mwalimu wa kidato cha sita anaandika barua ya kumpendekeza mwanafunzi wake kwenye chuo kikuu cha nje. Mwandishi wa habari wa Nairobi anahakiki tamasha la muziki. Mfasiri wa Dar es Salaam ana wasifu wa mteja mezani na mteja anausubiri jioni. Wote watatu, wakifika mahali pa kumsifu mtu anayejua kutoa yaliyo moyoni, wanaandika neno lile lile: "expressive". Aya inayofuata wanaliandika tena. Ya tatu wanalitangulizia "very".

Neno lenyewe halina ubaya. Linatuambia tu kwamba kuna kitu kilikuwa ndani na sasa kimetoka. Halisemi kimetokea wapi, kimetoka kwa namna gani, wala kimemfanya nini aliyekipokea. Kiingereza kina maneno tele ya kujibu maswali hayo, na kila moja lina kazi yake. Vidokezo hivi ni vyako wewe unayefikiri kwa Kiswahili na ambaye kazi au masomo yanakutaka uandike Kiingereza, nawe hutaki msomaji apate nusu tu ya ulichokusudia.

1. Jua kwanza ni nini kinachosema

Mtu hujieleza kwa mdomo, kwa uso, kwa mikono, kwa kalamu, kwa sauti ya kuimba, hata kwa mwendo wake. Kiingereza kimeyagawa maneno yake kwa mtindo huo huo, kwa hiyo ukishajua ni kipi kati ya hivyo kinachozungumza, kazi imepungua sana.

Anayepanga hoja zake zikaeleweka anapozungumza ni "articulate". Anayezungumza mpaka watu wakaguswa na kushawishika ni "eloquent". Uso unaobadilika kila mara kufuata mazungumzo ni "animated", na mazungumzo yenyewe yakichangamka huitwa hivyo hivyo. Macho yaliyobeba huzuni au mapenzi mazito ni "soulful". Maelezo yanayomfanya msomaji aione picha kichwani ni "vivid". Yanayomrudishia harufu ya mvua ya kwanza au ya jiko la bibi yake ni "evocative". Sauti yenye kilio ndani yake, ya mtu anayeomba asikilizwe, ni "plaintive". Na yule anayekumbatia, anayeshika mkono, anayesema "nakupenda" mbele za watu bila kuona haya, Waingereza humwita "demonstrative", neno ambalo wengi wetu tukiliona kwa mara ya kwanza hudhani linahusu maandamano.

2. Iandike kwanza kwa Kiswahili

Usianze kuwinda neno la Kiingereza kabla hujajua unataka kusema nini. Andika sentensi nzima kwa Kiswahili, kama ambavyo ungemwambia mwenzako mkiwa mmekaa. "Binti huyu anajua kujieleza." "Uso wake haufichi kitu." "Maneno yake yanaingia." "Ana bashasha." Hizo ni sifa nne tofauti, na ukizirundika zote kwenye "expressive" msomaji hatajua umemaanisha ipi.

Irudie ile barua ya mwalimu. Ameandika "She is very expressive", akikusudia kwamba binti anaweza kusimama mbele ya darasa akaeleza jambo gumu na wenzake wakalielewa. Msomaji wa huko anaposoma sentensi hiyo, anamwona mtu ambaye uso na mikono yake haitulii, ambaye furaha na hasira zake huonekana kabla hajafungua kinywa. Pengine anajiuliza kama binti huyo ana utulivu wa kutosha. Sifa kubwa imegeuka kuwa alama ya kuuliza, na mwalimu hatajua kamwe. "She explains difficult ideas clearly" ingetosha, na ingemtendea haki mtoto wa watu.

Kuna neno letu moja linalohitaji uangalifu zaidi kuliko mengine: fasaha. Tukisema fulani anazungumza kwa ufasaha, tunaweza kumaanisha kwamba hakwami, au kwamba anapanga vizuri, au kwamba anateka nyoyo. Kwetu maana hizo zinakaa pamoja bila taabu. Kiingereza kinazitenganisha: asiyekwama ni "fluent", anayepanga ni "articulate", anayeteka nyoyo ni "eloquent". Mtangazaji wa uwanja wa ndege anayesoma tangazo moja kwa lugha tatu ni "fluent" katika zote tatu, na hakuna aliyewahi kutokwa na machozi kwa kumsikiliza. Mzee anayeokoteza Kiingereza chake neno kwa neno anaweza kusimama msibani akawa "eloquent" kuliko profesa. Ukichanganya maneno hayo utamsifu mtu kwa kitu ambacho hana.

3. Lijaribu neno kwa watu wawili

Njia ya haraka ya kujua kama neno lako linasema kitu ni kulivisha watu wawili wasiofanana. Likiwaenea wote wawili, ni pana mno.

Wachukue Brutus na Antony. Wasomaji wa Kiswahili wanawajua tangu 1963, ilipotoka tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Wote wawili wanahutubia umati ule ule, kuhusu kifo kile kile cha Caesar. Brutus anazungumza kwa nathari, sentensi zake zimepimwa na kusawazishwa, anawaomba watu watumie akili. Antony anazungumza kwa ushairi. Anasita kwa uchungu, anawaonyesha watu vazi lililotobolewa na visu, anawatajia wosia halafu anachelewa kuusoma, mpaka umati unalipuka na mji unaingia katika ghasia.

Je, wote ni "expressive"? Ndiyo, na ndiyo maana neno hilo halikusaidii hapo. Brutus ni "measured", ni "reasoned". Antony ni "stirring", ni "rousing", na kwa kuwa anajua vizuri anachokifanya, ni "manipulative" pia. Chagua maneno hayo na hata mtu ambaye hajaisoma tamthilia atajua ni nani kati yao aliyeuwasha moto.

4. Ifungue kamusi ya visawe, lakini usiishie hapo

Kamusi ya visawe ya Kiingereza iliyo maarufu kuliko zote ni ya Peter Mark Roget, tabibu aliyezaliwa London mwaka 1779. Aliianza kama orodha ya matumizi yake mwenyewe mwaka 1805, na ilipochapishwa mwaka 1852 alikuwa na miaka 73. Roget hakuyapanga maneno kwa alfabeti. Aliyapanga kwa fikra, katika makundi makuu sita, na alfabeti akaiacha ikae kwenye faharasa ya nyuma.

Mpangilio wake una somo kwa jambo letu. Kundi moja la Roget linahusu akili, na sehemu yake nzima inahusu kuwasilisha mawazo. Kundi lake la mwisho linahusu hisia. "Expressive" imekaa katikati: mguu mmoja kwenye kuwasilisha, mwingine kwenye hisia. Kabla hujatafuta neno mbadala, amua uko upande gani. Upande wa kuwasilisha utakutana na "articulate", "lucid", "clear", "telling". Upande wa hisia utakutana na "passionate", "heartfelt", "moving", "soulful".

Siku hizi wengi wetu tunabonyeza Shift na F7 kwenye programu ya Word na orodha inajitokeza. Ni msaada mzuri, ila orodha hiyo inakupa majirani wa neno, mapacha hawamo. Chukua mawili matatu unayoyadhania, kisha yasome kwenye kamusi ya wanaojifunza kama Oxford Advanced Learner's Dictionary, ambayo hutoa mifano ya sentensi. Mfano mmoja wa sentensi una faida kuliko visawe kumi vilivyopangwa mstari mmoja.

5. Angalia neno linaandamana na nani

Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth alifundisha katika miaka ya 1950 kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo. John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham wakalifanyia kazi wazo hilo kwa kompyuta, na mwaka 1987 ikatoka kamusi ya COBUILD, iliyotungwa kutokana na matini halisi badala ya mifano ya kubuni.

Faida yake kwako ni hii. "Vivid" huandamana na kumbukumbu, ndoto, rangi, maelezo, na uwezo wa kubuni. Ukiandika "a vivid singer", sarufi haijavunjwa lakini sikio la Mwingereza litakwaruzwa. "Heartfelt" huandamana na shukrani, pole, radhi na maombi. Hutasikia "heartfelt face". "Moving" huenda na hotuba, hafla ya kumbukumbu, na salamu za kumuenzi marehemu. "Telling" hupenda kukaa na jambo dogo linalofichua kubwa: "a telling detail", "a telling silence". "Poignant" hupenda ukumbusho na dakika za kuagana. "Graphic" ni ya kuangaliwa kwa makini: katika maonyo ya filamu na taarifa za habari huashiria damu na ukatili, kwa hiyo usimsifu mshairi wa mapenzi kwa "graphic verses".

Huhitaji kukisia. Zipo hazina za matini zinazotafutika mtandaoni. British National Corpus ina maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, na ile ya Kiingereza cha Marekani iliyoanzishwa na Mark Davies, kwa kifupi COCA, imepita maneno bilioni moja. Andika neno lako, tazama yaliyo kushoto na kulia kwake katika mistari ishirini ya kwanza. Dakika tano zinatosha, na utatoka na mazoea ya kusikiliza maneno ambayo hakuna orodha itakayokupa.

6. Yapo maneno yenye mwiba

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu neno la sifa na neno la kejeli hukaa ukurasa mmoja kwenye kamusi ya visawe.

"Glib" ni mtu mwenye maneno mengi laini yasiyo na ukweli ndani. "Gushing" ni anayesifu mpaka anachosha. "Florid" ni maandishi yaliyopambwa kupita kiasi. "Verbose" na "garrulous" ni maneno mengi kuliko jambo. "Histrionic" ni mtu anayelia ili aonekane analia. "Theatrical" ni sifa jukwaani; ukimwambia mtu hivyo ofisini, umemtukana. "Emotional" nalo, katika mazingira ya kazi, mara nyingi husomwa kama "ameshindwa kujizuia", na wanawake ndio wanaobandikwa zaidi. Ukitaka kusema kwamba mfanyakazi anaipenda kazi yake kwa dhati, andika "committed" au "passionate about" na utaje kazi yenyewe.

"Bombastic" inastahili aya yake, maana shuleni kwetu imepotoshwa vizazi kwa vizazi. Wanafunzi Kenya na Tanzania hutafuta "bombastic words" kama mapambo ya insha, na wapo walimu wanaowapongeza. Kwa Kiingereza hilo ni tusi kwa mwandishi. Asili ya neno ni pamba ya kujazia nguo ili mvaaji aonekane amenenepa. Hotuba iliyo "bombastic" ni iliyojazwa pamba. Mwalimu, tafadhali, usiwatume watoto huko.

Na hata "articulate", ambayo nimeisifia hapo juu, ina mwiba wake Marekani. Mwaka 2007, Joe Biden alipokuwa akiingia kwenye kinyang'anyiro cha urais, alimweleza Barack Obama kwa sifa kadhaa na hiyo ikiwa mojawapo. Palizuka ghadhabu, na Biden akalazimika kutoa taarifa ya kusikitika. Wamarekani weusi wamelisikia neno hilo kwa miaka mingi kama mshangao uliovaa nguo ya sifa: kumbe na wewe unaweza kuzungumza! Kwa hiyo unapoandika kuhusu mtu mweusi kwa ajili ya wasomaji wa huko, taja alichokifanya. "She argued her case in plain, forceful English" haina mshangao ndani yake; inaheshimu kazi.

7. Pumzisha "very"

"Very expressive" haina nguvu kuliko "expressive". Ukiona unalihitaji "very", ujue neno linalofuata ni dhaifu. Badala ya "very expressive eyes" sema macho yalifanya nini.

8. Mpe kitenzi kazi

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Kivumishi kinatoa hukumu. Kitenzi kinaleta ushahidi, na msomaji anahukumu mwenyewe.

Tumchukue Bi Kidude, Fatma binti Baraka wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013 baada ya kuimba taarab na unyago kwa miongo mingi, na aliyetunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Mwandishi mvivu ataandika: "Bi Kidude was a very expressive singer." Msomaji wa London asiyemjua hakupata chochote. Angeweza kuwa anasoma kuhusu mwimbaji yeyote wa opera.

Sasa jiulize Bi Kidude alifanya nini hasa. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, haikulainishwa kwa ajili ya mtu. Alipiga ngoma mwenyewe huku akiimba, hata uzeeni. Aliimba mambo ya ndoa na ya unyago waziwazi, na mwili wake ulikuwa sehemu ya maneno. Kwa Kiingereza: "Her voice rasped and cracked, then climbed over the drum she was beating herself." Hakuna sifa hata moja humo. Kuna "rasped", sauti inayokwaruza, "cracked", inayopasuka, "climbed", inayopanda. Ukihitaji kivumishi kimoja cha kufungia, "raw" kitafaa, na kitafaa kwa sababu vitenzi vimeshakiandalia mahali.

Wala usidhani lazima upate vitenzi vigeni vya ajabu. Wewe unayo tayari ghala ya Kiswahili: kuropoka, kufoka, kunong'ona, kuvuta maneno, kukunja uso, kupandisha mabega, kung'aa kwa tabasamu. Kiingereza kina mwenzake karibu kwa kila kimoja: "blurt", "snap", "whisper", "drawl", "scowl", "shrug", "beam". Kwa Kiswahili huwezi kukosea kati ya kuropoka na kunong'ona. Ipeleke akili hiyo hiyo kwenye Kiingereza, na utaona kwamba ulikuwa unakosa neno pale tu ulipoacha kukiangalia kitendo.

9. Kimya nacho kina maneno yake

Wapo waliojieleza bila kusema lolote, na kwao "eloquent" na "articulate" hazifai, isipokuwa umeamua kwa makusudi kusema "an eloquent silence", jambo ambalo Kiingereza kinaliruhusu.

Rowan Atkinson akiwa Mr. Bean ni "rubber-faced": uso wake unavutika kila upande. Charlie Chaplin katika City Lights ya 1931, filamu aliyoiacha bila mazungumzo wakati Hollywood nzima imeshahamia kwenye sauti, anastahili maneno ya upole zaidi: "wistful" kwa ile hamu iliyochanganyika na huzuni, "tender" kwa mapenzi yasiyo na makelele. Buster Keaton alifanya kinyume: uso wake haukutikisika hata nyumba ikimwangukia, na Kiingereza kina neno kamili kwa hilo, "deadpan". Ukitaka kuonyesha kwamba mtu anaeleza mengi kwa kutoonyesha chochote, hilo ndilo.

Lupita Nyong'o, aliyepata tuzo ya Oscar Machi 2014 kwa nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave, angepotea kabisa chini ya "expressive". Uso wake katika filamu ile ni "haunting": unabaki na wewe baada ya taa kuwashwa. Mateso anayoyaonyesha ni "searing", yanaunguza. Hayo mawili hayafanani, na mhakiki makini atachagua moja kufuatana na onyesho analolizungumzia.

10. Azima maneno ya fani yenyewe

Kila fani ina msamiati wake wa jambo hili. Wanamuziki wa Kizungu hutumia Kiitaliano: "espressivo" kwa kupiga kwa hisia, "cantabile" kwa kufanya ala iimbe. Ukihakiki mwimbaji, zungumzia "phrasing", yaani anavyoikata na kuiunga mistari, na mahali anapovuta pumzi. Ukihakiki mchezaji wa ngoma, tazama "line" na "timing". Neno la fani humwonyesha msomaji kwamba ulikuwepo na uliangalia.

Na pale ambapo fani ni yetu, usiogope kuacha neno letu lisimame. Mipasho ni mipasho. Ukiiita "expressive songs" umeondoa shabaha, umeondoa jirani anayesemwa, umeondoa ukumbi mzima unaojua ni nani anayesemwa. Andika "mipasho", kisha mweleze msomaji kwa sentensi moja kwamba ni nyimbo za kumpiga mtu vijembe bila kumtaja jina. Vivyo hivyo kwa mlumbi na ulumbi. Kiingereza kimezoea kupokea maneno ya wageni, na kimeshapokea "safari" bila kulalamika.

11. Lijue pahala pake halali

Yapo maeneo ambayo "expressive" haibadilishwi. Wataalamu wa maendeleo ya lugha kwa watoto huzungumzia "expressive language", yaani lugha anayoitoa mtoto, tofauti na "receptive language", ile anayoielewa akisikia. Ukitafsiri ripoti ya mtoto aliyechelewa kuzungumza na ukaweka "eloquent", umeharibu ripoti ya kitaalamu, na mzazi ndiye atakayeumia. Liache lilivyo.

Usilichanganye pia na "expressionist". Hilo ni jina la mkondo wa sanaa, ulioshika kasi Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Kundi la Die Brücke liliundwa Dresden mwaka 1905. Mchoro wa Tingatinga unaweza kuwa na rangi kali na uhai mwingi, lakini kuuita "expressionist" ni kumbandika mchoraji wa Dar es Salaam ukoo usio wake. "Bold", "bright" na "playful" zinamtosha.

Halafu yapo mazingira ya kawaida kabisa ambapo neno hilo linafaa: mtoto mchanga mwenye "an expressive little face", ambaye bado hana lugha na hujui anasema nini, ila unajua kuna kitu anakisema. Hapo upana wa neno ndio ukweli wenyewe.

Kama una barua, tafsiri au makala ya Kiingereza inayokwenda kwa mtu wiki hii, bonyeza Ctrl na F, andika "expressive", na usimame kila linapojitokeza. Uliza nani anasema, anasema kwa kutumia nini, na aliyesikia alifanyaje. Ukipata jibu, liandike jibu hilo. Usipolipata, rudi ukamwangalie tena mtu unayemwandika kabla hujaituma.